Mkate Ubebao: Asili na Safari ya Vitafunio vya Tafrija

0. Utangulizi

Aingiaye ukumbini baada ya utetezi wa tasnifu, iwe Lubumbashi au Kinshasa, hukuta vitu viwili vimekwisha kuandaliwa: vinywaji na sinia. Jopo likisha kutamka daraja, na hotuba za shukrani zikisha kukoma, wageni husogea taratibu upande wa meza. Juu ya masinia hayo mna vipande vidogo vya mkate vilivyokatwa mraba au mviringo, vingine vimebanikwa, pamoja na biskuti kavu za chumvi. Juu ya kila kimoja kumewekwa kitu: robo ya yai, samaki wa kopo, jibini, nyama iliyosagwa. Mlaji hukichukua kwa vidole viwili, hukitia kinywani kwa mara moja au mbili, kisha huendelea na mazungumzo. Jicho lake liko kwenye kilicho juu. Kilicho chini, yaani mkate wenyewe, huliwa pasipo kutazamwa.

Makala haya yanashughulikia kilicho chini. Huenda jambo hilo likaonekana dogo mno kwa jarida la Kiswahili, ambalo kwa desturi hujishughulisha na fasihi na sarufi. Lakini kipande hicho cha mkate kina historia ndefu ya maneno, ya majeshi ya baharini, ya viwanda na ya utumishi wa nyumbani, na baadhi ya historia hiyo ilipita Kongo, mara moja hata mbele ya macho ya wasemaji wa Kiswahili. Isitoshe, ngano yake haitoki Kongo, ila kidogo sana ilimwayo katika nyanda za juu za Kivu. Ni haki basi kuuliza imefikaje kuwa ndiyo inayobeba heshima ya mgeni katika nchi ya muhogo na mahindi.

1. Kuhusu majina

Kifaransa, na Kiswahili cha mijini kikifuata, hukiita kitafunio hicho kanape. Kila mkazi wa Lubumbashi aliyewahi kununua vyombo vya sebuleni analijua neno hilo kwa maana nyingine: kiti kirefu chenye mito, cha kukalia watu wawili au watatu. Maana hizo mbili si sadfa. Neno lilianza katika Kiyunani, ambamo konops ni mbu, na konopeion ni kitanda kilichozungushiwa chandarua. Kilatini kikalipokea, Kifaransa kikalirithi, na katika karne ya 17 likawa jina la kiti kirefu. Chandarua kilikuwa kimekwisha kusahauliwa. Mwishoni mwa karne ya 18 wapishi wa Ufaransa wakalichukua kwa mfano: kipande cha mkate uliokaangwa ni kiti, na kitoweo kinaketi juu yake. Ndivyo Kongo, nchi isiyopungukiwa na mbu, ilivyopokea jina la chandarua cha kale lililokwisha kumpoteza mbu wake njiani.

Maneno mengine ya meza yanaficha mkate vivyo hivyo. Supu, ambayo Waswahili wameipata kwa Waingereza, na Waingereza kwa Wafaransa, hapo awali haikuwa mchuzi. Ilikuwa ni kile kipande cha mkate kilichowekwa bakulini na kumiminiwa mchuzi. Tosti imetoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kubanika; na Waingereza walipokuwa wakitosa mkate wa kubanikwa katika divai ili kuitia ladha, jina la mkate likahamia kwenye tendo lenyewe la kuinua bilauri kwa heshima ya mtu. Kwa hiyo msemaji anayewaomba wageni wainue bilauri kwa ajili ya daktari mpya, akilitaja tendo hilo kwa Kifaransa, anatamka jina la mkate bila kujua. Hata kampuni, neno ambalo wafanyakazi wa migodi ya Katanga wamelitamka kwa hofu na kwa matumaini, chimbuko lake ni watu wanaokula mkate pamoja.

Kwa upande wa lugha za Kibantu hadhari inahitajika. Mwanafunzi hushawishika kusema kwamba mkate umetokana na kukata. Lakini umbo hilo limeenea mbali: Wabemba husema umukate, Wachewa husema mkate, nao wasemaji wa Lingala huita mikate yale maandazi ya mviringo yanayokaangwa katika mafuta, huku mkate wa tanuri wakiuita limpa. Neno lililoenea hivyo halielezwi na kitenzi cha lugha moja. Ni dhahiri pia kwamba kabla ya ngano kufika, neno lilikwisha kuwapo kwa vyakula vya unga mwingine, kama inavyoshuhudiwa pwani na mkate wa mofa, ambao ni wa mtama.

2. Mkate uliokuwa sahani

Katika Ulaya ya zama za kati, meza ya bwana haikuwa na sahani kwa kila mlaji. Kila mmoja, au kila wawili, waliwekewa kipande kinene cha mkate mgumu, na nyama iliwekwa juu yake pamoja na mchuzi wake. Kitabu cha mambo ya nyumbani kilichoandikwa Paris mnamo 1393, kijulikanacho kwa jina la Le Ménagier de Paris, kinaagiza mikate ya kazi hiyo yenye upana wa nusu futi na kimo cha vidole vinne, iwe imeokwa siku nne kabla ya karamu. Chakula kikiisha, vipande hivyo vilivyolowa vilikusanywa. Maskini walivisubiri mlangoni, na mbwa nao walipata fungu lao.

Agizo la siku nne linastahili kutazamwa, kwa maana ndani yake mna fundi anayejua kazi. Mkate mpya hubonyea na kunyonya mchuzi mara moja. Mkate uliolala husimama. Kwa karne nyingi watu walidhani kwamba mkate hukakamaa kwa sababu maji yake yamekwenda hewani. Mnamo 1852 mwanakemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kwamba sivyo: mkate uliofungiwa usipoteze maji hukakamaa vilevile, na ukipashwa moto hurudia ulaini wake. Baadaye ilieleweka kwamba wanga uliolegezwa na joto la tanuri hujipanga upya na kukazana kadiri mkate unavyopoa na kukaa. Mpishi wa 1393 hakuwa na nadharia hiyo. Alikuwa na siku nne.

Sahani za mbao, kisha za madini na za kauri, zilipoenea, mkate uliondolewa chini ya nyama. Haukutoweka kabisa. Ulibaki chini ya ndege wadogo wa kuokwa, ukinyonya mafuta yao, na chini ya figo na uyoga. Tofauti ni kwamba sasa uliliwa na bwana mwenyewe, na kwa kuwa uliliwa na bwana ulipaswa kuwa mwembamba, mweupe na kukaangwa kwa siagi. Hapo ndipo mkate wa maskini wa mlangoni ulipogeuka kanape.

3. Biskuti ya merikebu

Ukoo wa pili ni wa biskuti, nao haukuanzia karamuni hata kidogo. Biskuti maana yake ni kilichopikwa mara mbili. Unga, maji, na pengine chumvi kidogo, vilikandwa, vikaokwa, vikakaushwa hadi unyevu wote utoke, kwa sababu moja tu: mkate wa kawaida huota ukungu baada ya siku chache, na safari ya bahari ni ya miezi. Wafalme wa Ureno walikuwa na matanuri yao huko Vale de Zebro, ng'ambo ya mto Tejo mkabala na Lisbon, yaliyookea merikebu za safari za mbali biskuti. Merikebu za Ureno zilizotia nanga Mombasa na Malindi mnamo 1498 zilibeba shehena ya namna hiyo. Katika jeshi la maji la Uingereza, tangu karne ya 17, kipimo cha baharia kilikuwa ratili moja ya biskuti kwa siku, yaani karibu gramu 450. Wadudu waliiingia. Baharia aliigonga mezani kwanza ili watoke.

Vitundu vinavyoonekana katika biskuti za chumvi za leo ni urithi wa kazi hiyo. Si mapambo. Donge likitiwa tanurini mvuke hutafuta njia. Usipoipata huinua uso wa biskuti na kuacha mapovu, na biskuti yenye mapovu hupasuka, tena haiwezi kubeba kitu. Mwokaji huitoboa ili mvuke utoke na uso ubaki tambarare. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 kazi hiyo, iliyokuwa ya mikono, ilipewa mashine za mvuke katika maghala ya jeshi la maji huko Gosport, kwa ubunifu wa Thomas Grant, na si muda mrefu viwanda vya raia vikafuata njia hiyo.

Hapo historia inageuka. Huko Carlisle, Jonathan Dodgson Carr alianza kuoka mnamo 1831, na nyumba yake ikajulikana kwa biskuti nyembamba za unga na maji, ambazo ni biskuti ya baharia iliyosafishwa kwa ajili ya jibini la matajiri. Huko Reading, duka lililofunguliwa na Joseph Huntley mnamo 1822 likawa, baada ya George Palmer kuingia ubia mnamo 1841, mojawapo ya viwanda vikubwa kabisa vya biskuti duniani. Makopo yake ya bati yalisafiri kila mahali ambako dola ya Kiingereza ilifika, na mbali zaidi. Kopo ndilo lililokuwa jambo jipya. Biskuti kavu ina adui mmoja, nao ni unyevu. Wakati wa masika, katika nchi za joto, hulegea kwa saa chache ikiachwa wazi. Bila bati lililofungwa vizuri hakungekuwa na biskuti ya chumvi yenye kuvunjika kwa mlio katika nchi za joto na mvua.

Wamarekani waliongeza mambo mawili. La kwanza ni magadi: donge lililoumuliwa kwa hamira, kisha likatiwa magadi ili kupunguza ukali wake, likazaa biskuti nyepesi yenye matabaka, iliyouzwa tangu miaka ya 1870. La pili ni kifungashio. Kabla ya 1898 biskuti hizo ziliuzwa Marekani kutoka katika mapipa ya dukani, wazi kwa vumbi na panya. Mwaka huo kampuni mpya ya National Biscuit ikaanza kuzitia katika karatasi ya nta ndani ya boksi. Mnamo 1934 kampuni hiyo hiyo ikatoa biskuti ya mviringo yenye mafuta na chumvi iliyoitwa Ritz, jina la hoteli za kifahari lililotiwa juu ya kitu cha bei nafuu, na hiyo katikati ya miaka ya dhiki kuu ya uchumi. Jina lenyewe linaeleza kilichouzwa: nafasi ya kukaribisha wageni kwa mtindo wa matajiri pasipo mpishi.

4. Jikoni na ukumbini

Wapishi wakuu wa Ufaransa hawakuwa na haraka ya kuipokea biskuti. Katika Le Guide culinaire cha 1903, Auguste Escoffier anafundisha kwamba kanape ni mnofu wa mkate, bila ganda, uliokatwa vipande vyembamba vya umbo lolote, ukakaangwa katika siagi iliyochujwa au, kama ilivyozoeleka zaidi, ukabanikwa. Siagi hupakwa ungali moto. Maagizo hayo si urembo mtupu. Kubanika hukausha uso wa mkate. Siagi huingia katika vitundu vya mnofu na kuziba njia ya maji. Hivyo kitoweo chenye unyevu, kama samaki au nyanya, hukaa juu bila kuugeuza mkate kuwa uji. Anayepanga masinia saa tatu kabla ya hotuba, bila siagi chini, atawapa wageni mkate uliolowa kwa juu na kukakamaa kwa pembeni. Jambo hilo hutokea mara nyingi kuliko inavyokubaliwa, kwa kuwa hotuba za wasomi hazifupishwi kwa ajili ya mkate.

Mkate ufaao ni ule uokwao katika kalibu yenye kifuniko, usioweza kuumuka kupita kiasi, wenye mnofu uliobana na ganda jembamba. Mkate mrefu wa Kifaransa wenye ganda gumu na matundu makubwa ni mtamu kwa kula, lakini kitoweo laini hupenya matundu yake. Kwa kubeba hufaa ukikatwa mshazari na kubanikwa. Unga wenye matabaka ya siagi nao ulitoa vikapu vidogo vya kujazwa nyama na mchuzi mzito, ambavyo Ubelgiji imevishika kuliko hata Ufaransa.

Escoffier mwenyewe hakupenda vitangulizi baridi katika chakula cha jioni; aliviona vinafaa wakati wa mchana. Desturi ilimshinda. Warusi walikuwa na mazoea ya zakuski, vitafunio vya chumvi vinavyoliwa kwa kusimama pamoja na pombe kali kabla ya kuingia chumba cha kulia, na katika karne ya 19 mazoea hayo yalifika Paris. Wadenmark walikuwa na mkate wa rai uliopangwa vitoweo kwa ustadi, hadi mkahawa wa Oskar Davidsen, uliofunguliwa Copenhagen mnamo 1888, ukawa mashuhuri kwa orodha yake ndefu ya aina hizo. Kisha Marekani ikapiga marufuku pombe, tangu Januari 1920 hadi Desemba 1933. Watu wakanywea majumbani na katika vyumba vya siri, wakiwa wamesimama, bilauri mkononi. Na asimamaye na bilauri amebakiwa na mkono mmoja tu. Chakula kikabidi kilingane na mkono huo, na tena kiwe na chumvi na mafuta ili kuzuia ukali wa pombe isiyo na asili njema. James Beard, aliyekuja kuwa mwalimu mashuhuri wa upishi wa nchi hiyo, alianza kwa biashara ya vitafunio vya tafrija huko New York mnamo 1937, na kitabu chake cha kwanza, cha 1940, kilihusu vitafunio hivyo.

Katika Ubelgiji kanape ilipata sura ya pekee. Nyama mbichi ya ng'ombe, iliyosagwa na kutiwa viungo, hupakwa juu ya mkate wa kubanikwa, na kitafunio hicho huitwa kwa Kifaransa toast cannibale, yaani tosti ya mla watu. Ni vigumu kulipita jina hilo bila kutua. Karne ambayo ilisikia vitabu vya wakoloni vikitawanya sifa ya ulaji wa watu juu ya mataifa ya bonde la Kongo, pasipo ushahidi wa kutosha na mara nyingi kwa faida ya waandishi wenyewe, ndiyo hiyo iliyowasikia wenyeji wa Brussels wakiagiza tosti ya mla watu kwa tabasamu.

5. Ngano inaingia Kongo

Mnamo Agosti 1877 msafara wa Henry Morton Stanley, uliotoka Bagamoyo mnamo Novemba 1874, ulikuwa umefika karibu na mwisho wa mto Kongo ukiwa taabani kwa njaa. Wengi wa watu wake zaidi ya 100 waliosalia walikuwa Waungwana wa Zanzibar na wa pwani, wasemaji wa Kiswahili. Tarehe 4 mwezi huo Stanley aliandika barua ya kuomba msaada kwa Mzungu yeyote aliyeko Boma, na waliojitolea kuipeleka walikuwa Uledi, Kacheche, Muini Pembe na Robert Feruzi, huyo wa mwisho akiwa mwanafunzi wa zamani wa shule ya misheni Zanzibar. Siku mbili baadaye wapagazi wakafika na shehena. Katika kitabu chake cha 1878 Stanley ameandika yaliyokuwamo. Kwa ajili ya watu: mchele, viazi vitamu, samaki, tumbaku, na ramu. Kwa ajili yake mwenyewe: divai za namna mbalimbali, chai, kahawa, sukari, samaki wa makopo, jemu, siagi na mikate ya ngano.

Orodha hiyo inapaswa kusomwa mara mbili. Wafanyabiashara wa Boma hawakuwa wamewaona wasafiri hao, lakini walikwisha kujua nani ale nini. Wote walikuwa na njaa ileile. Waliobeba barua walikuwa wa pwani. Hata hivyo mkate na siagi na samaki wa kopo, yaani kila kitakiwacho kwa sinia ya vitafunio, viliwekwa upande mmoja, na mchele upande mwingine. Tena si kwamba ngano ilikuwa ngeni kwa Waswahili. David Livingstone, aliyekaa Unyanyembe mnamo 1872, aliona Waarabu wa huko wakilima ngano kwa kumwagilia maji. Mgawanyo wa Boma ulitokana na cheo.

Mgawanyo huo ulidumu katika Kongo ya Wabelgiji. Katanga, mlango wa bidhaa ulikuwa kusini: reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mnamo 1910, nayo njia ya Benguela ikaunganishwa mnamo 1931. Unga wa mahindi ulikuwa wa wafanyakazi wa mgodi. Unga wa ngano, siagi na makopo ya biskuti vilikuwa vya nyumba za Wazungu. Lakini waliokanda unga huo, waliobanika mkate huo na kuupanga sinia, walikuwa Wakongo. Watumishi wa nyumbani, walioitwa boyi hata wakiwa na wajukuu, walijua unene wa kipande, kiasi cha siagi na saa ya kupeleka sinia. Vitabu vya mafunzo ya Kiswahili vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu, ambavyo Johannes Fabian amevichambua katika utafiti wake wa 1986, vimejaa amri: leta, weka, ondoa. Lugha ya sinia ilikuwa lugha ya amri.

Watumishi hao hawakubaki kimya milele. Mnamo 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani huko Elisabethville kilitoa kwa Kiswahili cha mji huo historia iliyokusanywa na André Yav, ambayo Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri mnamo 1990. Andiko hilo linasimulia mji na ukoloni kwa macho ya wale waliosimama nyuma ya viti. Wanafunzi wa isimu wamelisoma sana kwa ajili ya tahajia na msamiati wake. Lafaa lisomwe pia kama ushahidi wa watu wa kazi, kwa maana ujuzi wa meza ulioko katika mahoteli na kumbi za Lubumbashi haukuletwa na shule za upishi peke yake; ulirithiwa kwa wazee hao, baba kwa mwana.

Baada ya 1960 sinia ilibadili wenyewe. Sherehe za serikali, za makampuni na za vyuo zilihifadhi divai ya heshima pamoja na vitafunio vyake. Mnamo 1971 serikali ya Zaire ilianza kutetea uhalisi. Majina ya watu, miji na mavazi yakabadilishwa, tai ikaondolewa shingoni. Mkate mweupe haukuguswa. Badala yake, mnamo 1973 kinu kikubwa cha unga kikaanza kazi Matadi, mradi wa kampuni ya Kimarekani ya Continental Grain, kikisaga ngano itokayo nje. Mwaka 1976, nchi ikiwa imeelemewa na madeni baada ya bei ya shaba kuporomoka, malipo ya ngano yakachelewa, na kampuni ikapunguza shehena. Foleni za mkate zikatokea Kinshasa, na serikali ikalazimika kukubali masharti. Ndipo ikabainika kwamba mkate umekwisha kutoka katika sebule za wachache na kuwa chakula cha asubuhi cha watu wa mjini, na kwamba nchi iliyouza shaba na kobalti ingeweza kubanwa kwa kipande cha mkate. Bei ya ngano ilipopanda duniani mnamo 2008, na tena mnamo 2022 baada ya vita vya Ukraine kuanza, somo la 1976 lilirudiwa kwa vipande vilivyopungua uzito.

6. Swali la muhogo

Kwa nini basi muhogo usibebe? Tangu 1964 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikuwa na mpango wa unga mchanganyiko, na majaribio mengi yaliyofuata yameonyesha kwamba sehemu moja ya unga wa muhogo ikitiwa katika sehemu nane au tisa za ngano, mkate huumuka bila taabu kubwa. Ukizidishwa sana, huanguka. Sababu ni kwamba muhogo hauna gluteni, ule utando wa ngano unaonasa hewa ya hamira na kuufanya mnofu uwe na vitundu. Anayetaka mkate mweupe wa kalibu kwa muhogo mtupu anataka kisichowezekana. Kwanga nayo ina unyevu na mnato. Ikikatwa vipande na kukaangwa hubeba ndakala au pilipili vizuri kabisa, lakini yapasa iliwe ingali moto, na tafrija hazijui kungoja wala kungojewa.

Lakini hoja ya gluteni inahusu mkate tu. Biskuti haihitaji kuumuka. Na biskuti ya muhogo ipo, tena ni ya kale kuliko viwanda vyote vilivyotajwa. Watu wa asili wa visiwa vya Karibi walikuna muhogo mchungu, wakaukamua sumu yake, wakautandaza juu ya bamba la moto hadi ukawa mkate mwembamba mkavu, casabe, unaodumu kwa miezi ukihifadhiwa mbali na unyevu. Wahispania wa karne ya 16, walipoishiwa biskuti za kwao, walipakia casabe katika merikebu zao. Desemba 2024 UNESCO iliuandikisha ujuzi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa maombi ya pamoja ya Kuba, Haiti, Honduras, Jamhuri ya Dominika na Venezuela.

Muhogo wenyewe ulivuka kuja Kongo katika karne hiyo ya 16, ukiletwa na Wareno kutoka Brazili. Mmea ulivuka, bamba la moto halikuvuka. Wakongo waliokuwa na mito na majani ya kutosha waliloweka muhogo majini ili kuutoa sumu, wakausaga, wakaufunga na kuupika kwa mvuke, wakapata kwanga, chakula cha safari ya mtumbwi kinachodumu siku kadhaa katika hewa yenye unyevu. Katanga, yenye miezi mitano au zaidi pasipo mvua, wakati ambapo muhogo hukauka juani kwa siku chache na biskuti iliyoachwa wazi hailegei, haikuwahi kuwa na sababu ya kutengeneza casabe, kwa kuwa ilikuwa na bukari. Sasa unga wa ngano hufika Lubumbashi kwa malori na kulipiwa kwa dola, na bamba la chuma hupatikana kwa kila mfua vyuma wa mjini.